Asmini za Bustani ya Mistari

Mbuzi wa jirani walikula asmini zote za Mwanakheri asubuhi ya arusi ya bintiye, Waridi. Mwanakheri aliwalaani mbuzi, akamlaani na mwenye mbuzi, kisha akajitanda buibui akapanda feri kwenda mjini. Bibi arusi wa Likoni bila koja la maua shingoni wala asmini kitandani? Heri arusi iahirishwe.

Sokoni hakupata hata chembe. Mji wa Kale kulikuwa na arusi tatu, zimekwisha kununua zote. Alikuwa akirudi kivukoni, machozi yakimlengalenga, aliposikia harufu. Akaifuata mpaka kwenye bustani ya kale ya Wazungu, ambayo tangu mwaka uliopita lango lake lilikuwa wazi kwa kila mtu.

Ndani alistaajabu. Njia zilinyooka kama zilizopigwa kamba, katikati birika la mawe, na mimea imekatwa pembe nne, upande huu sawasawa na ule. Hakuna kilichoachwa kikue kitakavyo. Aliihurumia. Kisha akaona ukuta mrefu wa asmini umejaa vitumba, na mtunza bustani, Randu wa Kisauni, anavikata kwa mkasi na kuvitupa torolini.

Mwanakheri alimkimbilia. Alimsalimu, akamweleza habari ya mbuzi. Randu alisikitika, lakini bwana mkubwa wa bustani, Mzungu, hakutaka hata kitumba kichomoze nje ya mstari.

"Basi hivyo vilivyochomoza nachuma mimi, ndugu yangu," alisema Mwanakheri. "Wewe utakata majani. Mstari utanyooka, na mwanangu ataolewa kama watu."

Randu alifikiri, akaweka mkasi chini, akamsaidia. Ilikuwa alasiri, saa yenyewe ya kuchuma, vitumba havijafumbuka. Kanga ilikuwa imejaa na majani yamekatwa bwana mkubwa alipotokea. Mzungu aliinama, akafumba jicho moja, akautazama ukuta mwanzo hadi mwisho. Hajapata kuuona umenyooka hivi, alisema. Huyu fundi aje kila wiki.

"Mwambie nitakuja, inshallah," Mwanakheri alimwambia Randu, akifunga kanga yake. "Waridi ni wa kwanza. Nimebakisha watatu."

Maghribi vitumba vilifumbuka kitandani mwa Waridi, na mamake akalia kwa furaha. Mwanakheri alimsamehe hata mwenye mbuzi. Mbuzi wenyewe hakuwasamehe, na mmoja wao alikuwa tayari kwenye pilau.