Slubberdegullion wa Dundori

Bwana Peterson alipouza shamba lake la Rongai mwaka 1956, alimwachia mpishi wake, Nyongesa, barua ya mstari mmoja, kwa Kiingereza. Ilisema kwamba Nyongesa ndiye "slubberdegullion" mkubwa kuliko wote katika Bonde la Ufa. Nyongesa aliipeleka kwa Jonah, karani wa stesheni ya Nakuru, mwenye kamusi nene kama tofali.

"Slaba-di-galioni," Jonah alisoma, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Pole, mzee. Umetukanwa. Ni mtu mchafu, mzembe, anayejidondoshea mate kifuani."

"Mimi? Niliyekataza mbwa wake kulamba sahani?"

"Basi ndiyo sababu. Ichane hiyo takataka."

Nyongesa hakuichana. Mpishi asiye na barua hakuajiriwa popote, kuanzia Molo hadi Naivasha.

"Wewe ulikuwa unalijua neno hili?" aliuliza.

"Kulijua wapi! Nimelitafuta mpaka macho yakauma."

Nyongesa akaikunja barua vizuri. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amepikia Wazungu, akawasikia wakikiri ulevi, hata uzinzi. Hakuwahi kumwona hata mmoja akikiri mbele ya mpishi kwamba kuna neno la Kiingereza asilolijua.

Kesho yake alisimama kwenye veranda ya memsahibu mmoja wa Dundori aliyekuwa akitafuta mpishi. Memsahibu alisoma barua mara mbili, midomo ikimchezacheza.

"Memsahibu anajua hilo neno?" Nyongesa aliuliza kwa adabu.

"Mimi najua sana! Kule Ulaya, hii iko mpishi mkubwa. Wewe anza leo."

Wiki tatu zilipita bila lawama. Jumapili ya nne kasisi alialikwa chakula cha mchana. Supu ilipoletwa, memsahibu alimshika Nyongesa mkono na kutangaza kwa fahari kwamba huyu ndiye slubberdegullion wake, na jirani yeyote anayemtaka amwonee wivu tu. Kasisi, mtu aliyesoma sana, alipaliwa. Alikohoa, akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamnong'oneza mwenyeji wake maana ya neno. Shingo ya memsahibu ikaiva kama nyanya.

Akamfuata mpishi jikoni. "Nyongesa! Wewe najua hii neno?"

Nyongesa alikausha bakuli, akaliinua kwenye mwanga, hakuona alama. Akifukuzwa leo, barua ya pili ingekuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Mimi ni mpishi tu, memsahibu. Wewe ndiye uliyeniambia maana yake."

Memsahibu alitupa jicho kule mezani. Akimfukuza, majirani wangeuliza sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Kutoka mezani sauti ya kasisi ilisikika ikiuliza kama supu bado ipo.

"Peleka supu," memsahibu alisema.

"Ndiyo, memsahibu."

Alibadilisha aproni kwanza. Ile aliyokuwa amevaa ilikuwa na tone moja la supu kifuani.