Mdhamini Mwenzangu ni Marehemu

Mke wangu alikufa mwaka juzi, Jumanne, kwenye benchi la hospitali, mkononi ameshika namba themanini na mbili. Walikuwa wamefika arobaini. Daktari mkuu alikuwa kikaoni. Nikapeleka malalamiko serikalini, na hilo nalisema kila ofisi ninayoingia, wapende wasipende.

Sasa sikia walivyonifanyia kwa binti.

Binti yetu ni mmoja tu. Tulipohamia nchi hii tulimwacha kwa bibi yake, ana miaka tisa, tukidhani ni kwa mwaka mmoja. Mimi na mama yake tukajaza fomu ya kumdhamini, kuonyesha tuna kipato cha kumlisha ili asije akawa mzigo wa serikali. Serikali inaogopa mzigo utadhani imewahi kubeba! Faili likalala miaka kumi na mbili. Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, binti alikuwa anatimiza ishirini na moja. Akivuka hapo si mtoto tena, anaanza foleni mpya, na hiyo watu wanaisubiri mpaka wanaota mvi.

Jumatano ya wiki hiyo, zimebaki siku mbili, wakaniita. Karani, mama mmoja mpole, miwani inaning'inia kifuani, alipiga hesabu mara mbili.

"Baba, kipato chako cha ufundi viatu kinatosha watu wawili. Nyinyi mko watatu."

"Mimi na binti. Wa tatu katoka wapi?"

"Mama yake."

"Mama yake amekufa. Cheti cha kifo nimekileta mara nne."

Akavitafuta, akavipata vyote vinne, akavipanga mezani kama karata. "Pole sana. Lakini cheti kinasema amekufa. Hakisemi amejitoa kwenye fomu."

"Maiti anajitoaje?"

"Kwa barua. Aandike, asaini, alete mwenyewe."

"Na asipoleta?"

"Basi anaendelea kula."

Nikamwambia hata katika uhai wake hakuwa mlaji. Akasema fomu haina nafasi ya wasio walaji. Nikataka kumwona mkubwa wake. Mkubwa alikuwa kikaoni, bila shaka.

Karani akapekua tena, akakuta leseni ya kibanda cha ushonaji. Ni kweli, ina jina la mke wangu mpaka leo. Watu wa soko walikataa kuibadilisha, eti mwenye leseni afike yeye. Basi kila mwaka nailipia, rafiki yake anashona pale, ananipa kodi, na risiti zinatoka kwa jina la marehemu.

Karani akavaa miwani. "Kumbe mama anafanya kazi!"

"Amekufa, mama."

"Ana kipato cha mwaka huu. Kijumlishe na chako, kinatosha watu watatu na kinabaki. Wewe apa hapa kwamba mdhamini mwenzako yu hai. Saini yake ya zamani ipo, na saini haifi."

"Na nikikataa?"

"Tutamwondoa kwa utaratibu. Miezi minane." Akashusha sauti. "Ila ukiapa, yale malalamiko yako ya hospitali yanafungwa. Kifo cha mtu aliye hai hakilalamikiwi."

Nikatoka nje, kwenye varanda. Miaka miwili nawasumbua wakubwa waandike kwa kalamu yao kwamba mwanamke yule alifia kwenye benchi lao. Leo niwafutie mimi? Nikampigia binti.

"Wamekataa, baba?"

Nikamweleza. Akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasikia anapenga kamasi.

"Yaani mama yuko kaburini na bado anakushinda kipato?"

"Usinitanie, wewe mtoto."

"Baba, mama nimemzika kwa simu. Sitaki na wewe nikuzike kwa simu."

Nikarudi ndani, nikaapa. Karani akalivuta faili la malalamiko ya hospitali, kumbe lilikuwa kabati moja na letu, akaligonga muhuri: HAKUNA KIFO, LIMEFUNGWA. Miaka miwili halijaguswa, siku hiyo lilikwisha kwa pigo moja. Kisha akanipa mkono. "Hongera. Na mama mpe salamu zangu."

Nikasema zitafika.

Binti alifika baada ya wiki tatu, mrefu kuliko mimi, akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Hakutaka chai wala kulala. Alitaka kaburi.

Mlinzi wa makaburi akapitisha kidole kwenye daftari lake. Jina la mke wangu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Faili langu lilichukua miaka kumi na mbili, habari hii wameifikisha makaburini kwa wiki tatu!

"Huyu yu hai," akasema mlinzi. "Siwezi kuwaruhusu mkamzuru mtu aliye hai."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze na namba themanini na mbili, binti akanibana mkono.

"Jirani yake ni nani, kaka?"

Mlinzi akatazama. "Mzee mmoja fundi bomba."

"Huyo amekufa?"

"Kabisa."

"Basi tumekuja kwa huyo."

Tukaandikwa wazuru wa fundi bomba, tukaingia. Tukakaa chini kati ya makaburi mawili, mgongo kwa fundi, uso kwa mama, na binti akaanza kumsimulia safari.