Ushuru wa Maneno ya Hizza

Jana nilipitiwa na usingizi juu ya ritani yangu ya kodi, nikaota nimepanga foleni katika ofisi ya kodi nikiwa nimejifunga shuka, na hakuna aliyeshangaa. Serikali ilikuwa imeamua kumrudishia ushuru wa simu kila atakayeudai. Katika foleni mimi nilikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Dirishani ameketi afisa. Ni simu ya mezani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, na tai aliyofunga ni waya wake mwenyewe.

"Unadai kwa kiwango cha wote au kwa hasara halisi?" ananiuliza.

"Tofauti yake nini, mheshimiwa?"

"Kiwango cha wote, unapewa haloo kumi na mbili, hatukuulizi kitu. Hasara halisi, unaleta ushahidi."

Haloo kumi na mbili si haba. Lakini nina mdogo wangu, Hizza, kinyozi wa Kilosa, mwenye kigugumizi, na kwa miaka kumi nimempigia simu kila Ijumaa. Neno ambalo wewe na mimi tunalisema mara moja, yeye hulisema mara nne, na ushuru umekatwa mara nne.

"Hasara halisi," nikasema.

"Ambatisha ushahidi," ikasema fomu ya madai kwa sauti ya mama aliyechoka, ikachukua pini, ikanibana kwenye kona yake ya juu. Basi nikawa kiambatisho. Haikuuma.

Likaja gunia linatembea lenyewe, limeandikwa jina la Hizza. Ndani mna kelele kama za vifaranga: ka-ka-ka, n-n-n, m-m-m. Mizani ikapanda mezani, ikalipima, ikasema kilo arobaini.

"Mzigo ni halali," akasema afisa. "Ila hapa chini pana m-m-m moja haina sentensi. Sentensi yake iko wapi?"

Nikaona haya mpaka pini ikatikisika. Miezi mitatu iliyopita Hizza alinipigia yeye, tena haikuwa Ijumaa. Akaanza, "Ka-ka-kaka, m-m-m…" Nami nikamwambia, "Sema upesi bwana, unamaliza salio. Au tuma meseji." Hakutuma meseji. Tangu siku hiyo nikipiga hapokei, na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, najidanganya kwamba ana wateja wengi.

"Nilimkatiza," nikakiri.

"Basi sheria iko wazi. Anayerudishiwa ni yule aliyengoja. Ngoja."

"Ningojee wapi?"

"Papo hapo."

Papo hapo pakawa kibanda cha kinyozi, Kilosa. Nimekaa kitini, fomu imenizunguka shingoni badala ya kitambaa, na afisa yuko kwenye rafu baina ya poda na spiriti. Hizza amesimama nyuma yangu, ananinyoa. Mikono yake haijawahi kuwa na kigugumizi.

"M-m-m," anasema.

Nafungua kinywa nimmalizie neno, kama nilivyozoea tangu tulipokuwa wadogo. Hapo hapo nywele zangu zilizo sakafuni zinanyanyuka, zinarudi kichwani kila mmoja mahali pake, na kazi inaanza upya.

"Kummalizia mtu neno ni kukwepa kodi," anasema afisa kwa upole.

"Nangoja," nasema, nafunga kinywa. Mvua inanyesha, inakatika. Poda inasinzia. Namtazama ndugu yangu kwenye kioo, na naona jambo ambalo simu haikunionyesha: akikwama hufumba macho, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kamba haijakatika. Ndoo inakuja, ila kisima ni kirefu. Nampenda sana Hizza, na inaniuma kwamba sijawahi kumngoja hata siku moja.

"M-m-mimi," anasema, "nime-me-mekukumbuka tu, kaka. S-s-sikuwa na shida."

Afisa akagonga muhuri, nikaamka.

Kumekucha. Shavu langu limelalia simu, nayo ina moto kama chapati iliyotoka kikaangoni. Kwenye kioo chake limeandikwa jina la Hizza; simu imetoka kwangu, imedumu saa moja na dakika saba, na sekunde bado zinahesabiwa. Salio nililolala nalo lilikuwa la dakika tatu.

"Haloo?" nikasema.

Haloo ya pili ilifika ulimini, nikaimeza.

"Ka-ka-kaka," ikaja sauti yake. "U-u-unakoroma wewe! La-la-lakini ulisema unangoja. N-n-nikaona nisikate."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

"Bado nangoja, mdogo wangu," nikamwambia. "Sema."

Akavuta pumzi, akaanza.