Safari ya Kumtapisha Aline

Mpumbavu wa siku ile ni mimi, Toussaint, na mtu asihangaike kumtafuta mwingine. Maisha yamenichapa kila upande: nimeuza ndagala, dagaa wa kwetu, zikaoza, nimepanda pikipiki ikanitupa mtaroni. Lakini sijawahi kuwa mjinga kwa bidii kama asubuhi ile.

Mke wangu Aline alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Mama yangu, Marie-Jeanne, alishuka kutoka Bwegera kuja kumtunza, na kwa mama yangu, aliyejifungua hutunzwa akiwa amelala. Aline alikula kitandani, akanyonyesha kitandani. Akiteremsha mguu tu, mama alipiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Mguu wa kushoto ulipovimba, mama aliukanda kwa maji ya moto, akasema ni maji ya uzazi yanatafuta njia.

Asubuhi hiyo Aline aliinuka kwenda chooni. Hakufika mlangoni. Alishika ukuta akihema, akasema kifua kinamchoma upande mmoja kila anapovuta pumzi. Kisha akakohoa, na kwenye kitambaa kukawa na damu.

"Karuho!" mama akasema.

Ndiyo ile sumu ya polepole ambayo jirani anakutilia kwenye chakula, na dawa yake ni mganga wa kukutapisha hadi uione roho yako kwenye beseni. Na jana yake tu jirani yetu Domitille alikuwa ametuletea samaki, mukeke wa kuchoma. Huyo Domitille niliwahi kumposa, akanikataa mbele ya watu. Kwa nini aliyenikataa amwonee wivu aliyenipokea? Sikujiuliza. Kesi nikaikata mwenyewe, bila shahidi.

Tukapanda teksi kwenda kwa mganga, kijijini Katogota. Mama mbele, mtoto mapajani na beseni lake miguuni, mimi na Aline nyuma. Nilimwambia dereva akimbie, nikamwambia apunguze, nikamwambia akimbie tena. Hatujatoka mjini, kichwa cha Aline kikaniangukia begani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Dereva, Libérat, alitazama kwenye kioo, akakata kona, akatuingiza katika uwanja wa hospitali.

"Minye sibebake maiti," akasema. "Shuka, kaka."

Dokta Arakaza alimbana Aline kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa, akasoma namba, akaagiza oksijeni. Akasikiliza kifua mbele na nyuma. Kipimo cha malaria kikarudi bila kitu.

"Mapafu yanasikika safi, homa hana," akasema. "Lakini moyo iko nakimbia na hewa haimutoshi. Hiyo hainipendezi."

"Dokta, banamupa sumu. Alikula samaki."

"Na weye, papa? Ulikula?"

"Nilikula kichwa na mkia."

"Na weye iko napumua."

Nikamweleza kwamba sumu ilikuwa katikati. Dokta akafunua shuka, akazungusha utepe wa fundi cherehani kwenye shavu la mguu mmoja, kisha la wa pili. Wa kushoto ulikuwa mnene zaidi.

"Tangu upasuaji, ametembea?"

"Hajakanyaga chini!" mama akajibu kwa fahari.

Dokta akamtazama kidogo, akavuta mashine ya ekografi, ile ya kuchungulia ndani ya mwili. Akabonyeza mguu. "Mushipa muzima ukiubonyeza, unalala. Huu unakataa. Ndani damu imeganda." Akapeleka kifaa kifuani. "Na moyo, upande wa kuume umevimba. Unasukuma mahali pameziba. Kipande kimetoka muguuni, kimepanda, kimeziba mushipa wa mapafu. Kukiona chenyewe kunataka skana, na hapa hatuna. Presha yake haijashuka bado, lakini singoji. Tunaanza sindano, damu isiendelee kuganda."

Sindano ikaingia tumboni. Nilikwenda dirishani, nikarudi mlangoni, nikasoma bango la chandarua mpaka nikalijua kwa moyo. Aline bado alikuwa akihema. Mama akanivuta shati.

"Sindano ni sawa, mwanangu, lakini sumu imebaki ndani. Tumupeleke Katogota, tumurudishe."

Nami, kwa sababu kukaa bure kulikuwa kunanila, nikakubali.

"Dokta, tupe ruhusa kidogo tu."

"Umutikise kwenye barabara ile, umutapishe kwa nguvu? Kipande kingine kikipanda, atakufia garini."

"Dokta, mambo ya kwetu huyajui."

"Minye muzaliwa wa Kamanyola, papa. Nayajua. Nimeyazika."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikamshika Aline mkono nimwinue, nikatangaza wodi nzima isikie: "Minye ndiye bwana yake! Minye naamua!"

Aline akateremsha barakoa ya oksijeni hadi kidevuni.

"Basi enda weye ukatapike, bwana yangu," akasema. "Minye niko na kazi ya kupumua."