Ofisa wa Viza wa Nyuma ya Duka

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma wa Njombe, Makambako na vitongoji vyake kwamba mimi, Obed, mwanafunzi wa kidato cha tano, niliwahi kuteuliwa kuwa ofisa wa viza. Aliyeniteua ni mimi mwenyewe. Ofisi yangu ilikuwa nyuma ya duka la spea la baba yake Issa pale Makambako, kiti changu kilikuwa tairi la lori, na utumishi wangu ulidumu kwa urefu wa simu moja.

Mwombaji alikuwa Erica, mtoto wa shangazi Telesia. Hapa inabidi nieleze dhuluma niliyotendewa nikiwa mchanga. Mimi na Erica tulibatizwa Jumapili moja, kanisa moja, kwa maji ya beseni moja. Mama Heidrun, nesi wa Kijerumani aliyekuwa hospitali ya misheni, aliombwa awe mama wa ubatizo wa mmoja wetu. Walimpa mimi kwanza. Nikamtapikia kwenye blauzi. Wakaninyofoa haraka, wakampa Erica, aliyekuwa amelala kama malaika, na mimi nikaangukia mikononi mwa Mzee Sadock wa Igwachanya.

Tangu hapo kila Krismasi Erica hupokea kifurushi chenye chokoleti na soksi za sufu, na Njombe ya mwezi wa sita si mahali pa kudharau soksi za sufu. Mimi nilipopata kipaimara, Mzee Sadock aliniletea jembe. Jipya, nakiri, lakini jembe.

Mwaka huu Mama Heidrun, ambaye sasa amestaafu, amerudi kwao Ujerumani na macho yake yanafifia, aliandika kwamba angependa kumwona binti yake wa ubatizo wakati bado anaweza kumwona. Wiki tatu, nauli juu yake. Kilichobaki ni viza ya utalii. Utalii! Erica, ambaye akija Makambako tu huniuliza choo kiko wapi kabla hajashuka kwenye gari!

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ulikusanyika kwa bibi yetu, mtaa wa Ramadhani, Njombe, kumwombea. Baada ya amina, shangazi akanigeukia.

"Obed mwanangu, wewe umesoma bweni, Kiingereza unakijua. Mfanyishe mwenzio mazoezi ya mahojiano."

Nikakaa kichwani mwa meza, nikaweka kitabu cha nyimbo mbele yangu kama faili.

"Jina?"

"Unalijua."

"Mwombaji asimjibu ofisa kama anaongea na binamu yake. Una ushahidi gani kwamba utarudi Tanzania?"

"Nimepata nafasi chuo cha uuguzi, tunaanza mwezi wa kumi. Nina bibi. Nina robo eka ya viazi."

"Viazi havimwiti mtu kutoka Ulaya."

"Haviiti, vinaoza. Ungekuwa mkulima ungejua, binamu. Au lile jembe la Mzee Sadock bado lina karatasi ya dukani?"

Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Na mimi nilicheka, kwa meno tu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Erica alijibu vizuri. Maswali yote. Kisha akanipeleka chumbani kunionyesha koti jekundu alilonunua mnadani kwa ajili ya safari.

"Nikuletee nini kutoka huko?"

"Usijisumbue."

"Basi nitakuletea soksi," akasema, akanipiga begani kama anavyopigwa mtoto aliyeshindwa mbio.

Mahojiano ya kweli yalikuwa Jumatano asubuhi, ubalozini Dar es Salaam. Shangazi aliisaka miadi hiyo kwenye simu kwa wiki nyingi, na nyingine isingepatikana mpaka tarehe ya safari iwe imeshapita. Kwa hiyo Erica alitakiwa kupanda basi Jumanne alfajiri. Akilikosa, habari imeisha. Haya yote niliyajua vizuri kabisa.

Jumatatu mchana nilikuwa nimerudi kwetu Makambako. Rafiki yangu Issa alikuwa na simu ya dukani, ambayo namba yake Erica haijui. Mimi nina kipaji ambacho shule imejitahidi kukiua: naiga sauti za wakubwa. Muhula uliopita nilimwiga mwalimu wa nidhamu, bweni zima likakimbilia paredi na mataulo. Nilipanga kumtisha Erica kidogo tu, halafu tucheke. Utani wa mabinamu una baraka za mababu.

"Halo. Naongea na mwombaji Erica?"

"Ndiyo. Shikamoo."

Shikamoo! Kwangu! Iliteremka kama asali.

"Marahaba. Hapa ni ubalozini, dawati la viza. Tunahakiki taarifa. Simama wima."

Nikasikia kiti kikisukumwa.

"Nimesimama, mheshimiwa."

"Je, una tabia ya kutapikia blauzi za watu?"

"Hapana, mheshimiwa. Huyo ni binamu yangu."

Issa akaing'ata kofia yake asipasuke.

"Huyo binamu ni mtu wa namna gani?"

Erica alifikiri kidogo. "Mtu mzuri tu. Safari hii angeifurahia kuliko mimi, ila anajifanya haitaki. Ninamwonea huruma."

Pale ndipo nilipotakiwa kucheka na kusema, "Ni mimi, mjinga wewe." Nilikuwa tayari kuonewa kijicho, kuogopwa, hata kuchukiwa. Huruma sikuiwekea akiba. Mdomo ukasema jambo ambalo sikulipanga:

"Miadi yako ya keshokutwa imeahirishwa. Usisafiri. Utajulishwa."

Issa aliacha kucheka.

"Asante kwa kunijulisha, mheshimiwa," Erica akasema kwa sauti nyembamba. Nikamsikia shangazi akiuliza, "Wamesemaje? Erica, wamesemaje?" Kisha mkwaruzo, simu ikabadili mikono.

"Kamwene," ilisema sauti ya bibi.

Kwetu Wabena, bibi akikusalimu huna muda wa kufikiri. Miguu inakunjika yenyewe na sauti inashuka yenyewe. Umefundishwa hivyo kabla hujaota meno. Nilijikuta nimetoka kwenye tairi, nimechuchumaa kwenye vumbi lenye oili, nasema kwa sauti ile ile niliyopewa na Mungu:

"Kamwene, bibi."

"Mbona umechuchumaa?" Issa akaninong'oneza. "Hakuoni."

Bibi aliitambua sauti.

"Obed," akasema, "ubalozi umehamia Makambako lini?"

"Obed gani?" shangazi alipiga kelele nyuma yake. "Obed yupi, mama?"

Erica akaichukua simu. Nilingoja matusi, na mabinamu wana matusi mazuri sana. Hakutukana.

"Basi linaondoka kesho alfajiri. Niambie ukweli. Miadi ipo au haipo?"

Aliuliza kwa woga. Hata sasa hakuwa na uhakika.

"Ipo."

"Una hakika?"

"Ipo, Erica. Hakuna aliyeahirisha. Ni mimi tu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi: utani, likizo ndefu, ushawishi mbaya wa Issa. Nikamtazama Issa. Aliinua mikono yote miwili, akarudi dukani kinyumenyume kuuza plagi.

"Nina wivu," nikasema, bado nimechuchumaa. "Nimekuwa nao tangu chokoleti ya kwanza. Sikutaka uende kwa sababu mimi siendi."

Bibi akaniamuru niseme tena, kwa sauti, maana shangazi hakusikia. Nikasema tena.