Mkaguzi Hakuketi

Mashuka mapya yalitoka stoo asubuhi hiyo, yakiwa bado na mistari ya kukunjwa, na wazee wa kituo wakajua kuwa wageni wanakuja. Serafina aliyatandika bweni zima peke yake, huku akiyang'oa matambara ya kila siku na kuyasokomeza ndani ya kiroba. Jikoni nyama ilikuwa inachemka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama ukaguzi ungekuwa kila wiki, wazee wa pale wangenenepa.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha Mzee Felician. Alikuwa na kidonda kiunoni, kidonda cha kulala bila kugeuzwa, nacho kilikuwa kimeanza kuonyesha mfupa. Mhudumu alikuwa mmoja kwa bweni zima. Amgeuze nani, amwache nani? Tangu mvua za kwanza Serafina alikuwa anaomba mzee apelekwe hospitali. Kila alipoomba, mkuu wa kituo, Bwana Valerian, alijibu kwamba gari halina mafuta.

"Huyu mpeleke stoo," alisema Valerian kutoka mlangoni, leso puani. "Leo tu. Wakiondoka utamrudisha."

"Mkuu, si bora wamwone? Labda watatusaidia usafiri."

"Serafina, hivi mkataba wako unaisha lini vile?"

Serafina aliweka kiroba chini. Alisaidiana na Agapiti, mlinzi wa getini, wakambeba mzee na kumlaza kati ya magunia ya mahindi na madumu matupu. Alikuwa mwepesi kiasi cha kumtia mtu aibu. Kisha Serafina akaenda kuchuchumaa mbele ya Bibi Evelina, mwenye ulimi kuliko wote bwenini. Kijijini kwao bibi huyu alifukuzwa kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na majirani wakasema yao.

"Bibi, mimi nimezibwa mdomo. Wewe mwambie mkaguzi kwamba Mzee Felician yuko stoo, anaoza."

"Nitamwambia. Mimi waliniita mchawi, nilinyamaza? Niletee kigoda, akae hapa karibu nimweleze vizuri."

Mkaguzi, Eunice, alikuwa mama mwenye adabu zake, ametoka mkoani na kishikwambi mkononi. Alipapasa magodoro, akachungulia vyoo, akafunua sufuria na kuguna kwa kuridhika. Kisha akamwambia Valerian na watu wake wote watoke nje, ili wazee waseme kwa uhuru. Serafina akaenda kusimama chini ya dirisha, asikie.

"Shikamooni wazee wangu. Mnaendeleaje hapa?"

"Marahaba, mayu. Mhola duhu," wakaitikia kwa pamoja. Yaani amani tu, mama.

Na wangejibu nini? Kwa Wasukuma, hata mwenye msiba huanza na amani. Mgeni hupewa kiti, akapewa maji, akaulizwa ya njiani. Ndipo naye huuliza tena, na hapo ndipo mtu hufungua moyo. Kumtwika mgeni shida akiwa wima ni sawa na kumfukuza.

"Chakula mnapata?"

"Tunakula."

"Wahudumu wanawajali?"

"Wanatujali."

"Mayu, kigoda hiki hapa," ikasikika sauti ya Bibi Evelina. "Kaa kwanza."

"Asante bibi, nimekaa sana kwenye gari. Na mchana natakiwa Kahama."

"Kaa kidogo tu, mwanangu."

"Siku nyingine, bibi yangu. Kumbe hamna tatizo. Mungu awabariki."

Serafina alitamani kupaza sauti. Akaufikiria mkataba, akawafikiria wanawe, akanyamaza. Kunyamaza huko kulimuuma kuliko yote aliyoyasikia.

Barazani mkaguzi alitangaza kwamba kituo kimepata daraja la kwanza, na vingine vije kujifunza hapa. Valerian akapiga makofi, akaagiza mashuka yarudishwe stoo, kisha akaingia kwenye gari la kituo, lile lile lisilo na mafuta, akawaongoza wageni kwenda kula Kagongwa.

Bwenini Bibi Evelina alikuwa bado anakitazama kigoda.

"Hakuketi," alisema. "Maneno nilikuwa nayo yote. Ningemwambiaje mtu aliyesimama? Atarudi lini?"

"Mwakani."

Bibi akatikisa kichwa. "Felician hafiki mwakani."

Serafina alikunja mashuka yote isipokuwa moja. Hilo alilitandika kwenye mkokoteni wa maji, juu ya godoro la mzee, na kwa msaada wa Agapiti akamsukuma Mzee Felician hadi barabara ya lami. Wakalishusha godoro pembeni. Usaha ulikuwa umeshapenya shuka.

"Dada, kazi huna tena," alisema Agapiti.

"Najua."

Magari madogo yalipita yakiongeza mwendo. Mwishowe roli lililotoka Isaka likasimama, na dereva, mtu mzima mwenye fulana iliyojaa grisi, akashuka. Alichuchumaa pembeni ya godoro, akamshika mzee mkono.

"Shikamoo baba. Mhola?"

"Marahaba," alisema Mzee Felician kwa shida. "Mhola duhu."

Dereva hakuinuka. Alivua kandambili zake, akazikalia pale pale kwenye changarawe, kisha akauliza mara ya pili.