Shina Lililokatwa

Chumba cha uyoga mkavu kilikuwa mwisho kabisa wa ujia wa chuo, baada ya stoo ya mifagio, na mwanamke aliyekitunza wenzake walimwita Bi Ukungu. Hakukasirika. Hakuna mtu anayekuja kupiga soga na mwenye jina kama hilo, naye alipenda hivyo.

Chumba kilianzishwa na mwalimu wake, Mzee wa Hadubini, ambaye aliupanga uyoga na ndugu zake wote kwa kadiri wanavyomgusa binadamu. Droo ya kwanza ilikuwa ya unaolika. Ya pili iliwekwa hamira inayoumua mikate na ukungu unaotoa dawa za vidonda. Ya tatu ilikuwa ya ule unaoozesha magogo, na Mzee hakuchoka kusema kwamba bila huo tungekuwa tumefukiwa na majani makavu mpaka shingoni. Humo humo alitia na fangasi za miguuni, akicheka peke yake: "Kikulacho ki nguoni mwako, na saa nyingine ki ndani ya soksi!"

Droo ya nne ilikuwa ya unaoua. Bi Ukungu alikuwa hajaifungua tangu aanze kazi, miaka kumi na sita. Uyoga wa sumu ukiletwa, alimpa Mzee auweke mwenyewe, na Mzee alipostaafu aliuacha ujilimbikize kwenye boksi juu ya kabati. Ndani ya droo ile kulikuwa na bahasha ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho, mlafi mwenye maneno mengi. Mwaka ule Kitinda ana miaka mitano, yeye ana tisa. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mama yao akamtuma yeye mkubwa akachume uyoga. Alirudi na kikapu, mama akapika, na Kitinda akawa anazunguka meko akiuliza kila dakika, "Dada, umeiva? Dada, umeiva?" Ulipoiva alikula kuliko wote. Baba yao alikuwa safarini; wao watatu waliokula waliugua, wawili wakapona, na siku ya nne wakamzika Kitinda.

Hospitali ilikuwa imemwita Mzee wa Hadubini, wakati huo mwalimu kijana, naye akakuta nyoga mbili mbichi zimebaki kikapuni. Akaondoka nazo. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja ni wa sumu. Na kikapu cha nani? Cha mtoto. Basi, maneno yakaishia hapo.

Hakuna aliyemchapa, na ingekuwa afadhali wangemchapa. Mama yake alimkumbatia mbele ya waombolezaji akasema, "Mtoto ni mtoto, hakujua. Mimi nimemsamehe." Watu wakalia kwa huruma. Tangu siku hiyo, kila mwaka tarehe ile ilipofika, mama alimwita, akamshika kichwa na kumwambia tena kwamba amemsamehe. Mara thelathini na moja. Mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu lenyewe likiguswa kila mwaka litapoa lini?

Na Kitinda hakuondoka. Bi Ukungu akiwa peke yake, mara harufu ya udongo uliolowa huingia chumbani hata wakati wa kiangazi, kisha sauti hutoka nyuma yake, chini, usawa wa meza: "Dada, umeiva?" Hakuwahi kujibu. Aliogopa kwamba akijibu mara moja tu, hatakuwa na siku ya kunyamaza.

Siku moja mkuu wa idara akaingia na karatasi.

"Bi Ukungu, mpango wa Mzee tunauvunja. Siku hizi viumbe hawapangwi kwa faida au madhara, wanapangwa kwa ukoo. Nani ndugu ya nani."

"Muuaji atakaa na anayelika?"

"Kama ni ndugu, watakaa pamoja. Ndugu hawachaguliwi. Fungua kila bahasha, soma, uhamishe. Nataka imalizike wiki hii."

Alimaliza droo tatu kwa siku tatu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, alivuta droo ya mwisho. Ilikwama, akaivuta kwa mikono miwili. Harufu ya udongo uliolowa ikaja hapo hapo.

"Dada, umeiva?"

Bahasha ilikuwa ya kumi na moja, yenye tarehe anayoijua. Ndani mlikuwa na vipande viwili vikavu, karatasi nyeusi yenye duara jeupe la vumbi lililodondoka chini ya kofia ya uyoga, na maelezo kwa mwandiko wa Mzee:

*Wa kwanza: unalika. Umeng'olewa mzima, shina pamoja na udongo wake. Wa pili: unaua. Shina limekatwa kwa kisu. Kikombe kimebaki ardhini. Umetambuliwa kwa vumbi lake jeupe.*

Alisoma mara mbili, kisha akakigeuza kile kipande cha pili kwenye mwanga. Shina lilikuwa limekatwa sawasawa, mkato mmoja.

Kila mwanafunzi wa Mzee alijua sheria ya kwanza: ng'oa, usikate. Uyoga unaoua husimama ndani ya kikombe kilichojificha udongoni, na ukikata shina unakiacha chini, usijue umebeba nini. Lakini yeye, mtoto wa miaka tisa, hakuwa na kisu. Mama yake alikuwa akimwambia, "Kisu utashika ukinifika begani." Alichuma kwa vidole, kila mmoja, mpaka kucha zikajaa udongo. Nyumbani kwao aliyekata uyoga kwa kisu alikuwa mtu mmoja, maana hakupenda mchanga kwenye kikapu chake.

Akakumbuka yeye akipuliza moto, na mama akirudi kutoka nyuma ya nyumba, upindo wa kanga umejaa uyoga, akaumwaga kikapuni juu ya ule wake.

Hakuaga mtu kazini. Alimkuta mama yake jikoni, kwenye kigoda, anachana mboga kwa vidole, jani moja moja. Alikuwa amechana mboga hivyo miaka yote, akivunja hata mihogo kwa kuigonga ukingoni mwa jiwe, na watu wakasema ni mazoea ya uzee ingawa alianza hajawa mzee.

"Mama, uyoga ule ulikatwa."

Vidole vikasimama. Mama hakuuliza uyoga upi.

"Ulileta kidogo," akasema. "Haukutosha. Nikatoka na kisu nyuma ya nyumba, nikaongeza."

"Ulijua lini?"

"Daktari aliposema unaoua huwa na kikombe udongoni. Wako uling'olewa mzima, wangu niliukata. Siku ile ile."

"Na ukanisamehe mbele za watu!"

"Mtoto husamehewa, mwanangu. Mimi nani angenisamehe? Baba yako angenifukuza, na wewe ungelelewa na nani?" Akayatazama mapaja yake. "Tangu siku ile sijashika kisu."

Alisema kana kwamba hilo lilikuwa malipo. Bi Ukungu alimchukia, kweli kabisa, akatamani kuimwaga ile mboga na kupiga kelele majirani wajae. Hapo harufu ya udongo uliolowa ikaingia jikoni. Akashika ukuta akingoja sauti. Lakini mama yake ndiye aliyegeuka kwanza, akatazama mlangoni, chini, usawa wa meza.

"Unamsikia?" Bi Ukungu akanong'ona.

"Tangu azikwe. Anauliza kama umeiva."

"Wewe humjibu?"

"Namwambia bado, mama, bado kidogo. Nitamwambia nini kingine?" Machozi yakamshuka, akayaacha. "Na wewe? Utanisamehe?"

 Bi Ukungu akavuta kigoda cha pili, akaketi, akachukua nusu ya mboga na kuiweka mapajani mwake.

"Bado, mama," akasema, akaanza kuchana. "Bado kidogo."